Upande wa Pili wa Shuka

Shuka za hospitali na shuka za hoteli hazikuwahi kukutana. Za hoteli ziliingia kiwandani kwa mlango wa mbele, kwenye vitoroli vya magurudumu laini, zikinukia manukato ya watu waliolala vizuri. Za hospitali ziliingia kwa nyuma, zimefungwa ndani ya mifuko ya njano, na huko nyuma ndiko Mama Dokta alikopangiwa kazi. Asubuhi alifungua mifuko na kukung'uta. Ndani yake mlikuwa na damu iliyokauka, matapishi, pamba, na mara nyingine mlikuwa na sindano ambayo mtu wa wodini alikuwa na haraka mno kuitupa panapostahili. Glavu walizopewa zilikuwa zile za kuoshea vyombo. Siku aliyochomwa kidole gumba, msimamizi alimwambia afinye damu itoke, aoshe kwa sabuni, arudi kazini. Alifinya, akaosha, akarudi. Alikuwa kibarua, na kibarua hana likizo ya kidole.

Mchana walihamia kwenye rola. Hiyo ilikuwa mashine ya chuma, ndefu kuliko kitanda, inayozunguka polepole na moto wake tumboni. Wanawake wawili waliilisha shuka mbichi upande mmoja, na wengine wawili waliipokea shuka ikiwa kavu, imenyooka na inaunguza vidole. Kisha wakaikunja. Kukunja shuka si kazi ya mtu mmoja. Huyu anashika pembe zake, mwenzake zake, wanavuta mpaka ikaze, wanasogeleana, mmoja anakabidhi pembe na kuinama kuudaka mkunjo wa chini. Asiyejua hugongana kichwa na mwenzake. Mama Dokta na Bibi Mvuke, mwanamke wa makamo aliyezeekea kwenye mashine ile mpaka akapewa jina la mvuke wake, walikunja huku wakiusengenya mtaa mzima kuanzia unyayo hadi utosi, bila kuangalia mikono yao hata mara moja.

Jina la Mama Dokta lilitokana na binti yake. Alipokuwa mdogo, binti huyo alimfunga bandeji kuku wa jirani aliyevunjika mguu, akamtembelea kila siku, akamkemea alipojaribu kutembea. Mtaa mzima ulicheka, jina likaganda. Dokta huku, Dokta kule. Mama yake peke yake ndiye hakucheka. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani kwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Basi mama akabaki na mtoto, chumba kimoja na lile jina, na kati ya vyote hivyo jina ndilo lililokuwa na matumaini.

Sasa Dokta alikuwa kidato cha mwisho.

Shule iliwaita wazazi kikaoni. Mwalimu wa ushauri, kijana mwenye tai na sauti ya kutangaza mpira, aliwaeleza kuhusu mpango mpya. Ulikuwa na jina zuri: Daraja la Kesho.

"Wazazi wangu, dunia ya leo haitaki cheti kitupu," alisema. "Inataka uzoefu! Kijana anamaliza shule, anajua kanuni zote, lakini hajawahi kuingia mahali pa kazi. Sisi tumesema hapana. Vijana wetu wataingia kazini wakiwa bado shuleni. Na atakayefanya vizuri atapata barua ya mapendekezo kutoka kwa mwajiri. Barua hiyo ndiyo tiketi ya udhamini wa chuo. Bila barua, hakuna udhamini."

Mzee mmoja fundi viatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, na watoto watalipwa?"

"Mzee wangu, umewahi kuona wapi mtu analipwa kwa kufundishwa?"

Watu walicheka, fundi viatu naye akacheka kidogo ili asionekane mshamba. Mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, Mwenyekiti wa bodi ya shule alitabasamu. Mama Dokta alimfahamu. Wote pale kiwandani walimfahamu, ingawa yeye hakumfahamu yeyote kati yao. Shuleni aliitwa Mwenyekiti, kwenye mashine za kufulia aliitwa Mkurugenzi.

Dokta aliomba kupelekwa maabara ya hospitali. Akapangiwa kiwanda cha kufulia.

"Mwalimu, mimi niliandika afya," alilalamika.

"Na hizo shuka ni za wapi? Si za hospitali? Mtu huanzia chini, binti, ndiyo anapanda. Au wewe unataka kuanzia ghorofani?"

Dokta alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mama yake alimsikiliza, akatikisa kichwa, akamtukana mwalimu kwa niaba yake. Lakini moyoni, na hili alilificha vizuri, alifurahi. Angekuwa na mtoto wake karibu. Angemwonyesha. Barua hiyo angeipata huku mama anaangalia.

Kesho yake alimwendea msimamizi, akasimama mbele yake na mikono nyuma.

"Kaka, nina ombi. Kuna binti yangu kwenye hao wanafunzi. Usimweke kwenye mifuko ya njano. Niachie mimi kwenye rola, nimfundishe."

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyeletewa zawadi bila kuomba.

"Mbona hilo ni dogo, dada? Mfundishe wewe mwenyewe. Wewe ndiye mkongwe hapa. Na ninyi wengine wote, kila mmoja achukue mwanafunzi wake. Mwanafunzi akijua kazi vizuri, mimi nampa alama nzuri. Asipojua, msinilaumu."

Bibi Mvuke alingoja msimamizi apotee nyuma ya mvuke.

"Usimpe yote," alisema.

"Nini?"

"Kazi. Mpe nusu, nusu baki nayo. Mimi wangu nitampa robo."

"Ni mwanangu, Bibi."

"Ndiyo maana nakuambia."

Mama Dokta aliona Bibi Mvuke ana roho mbaya. Akampa mtoto yote. Alisimama nyuma yake, akamshika viganja kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, akamwonyesha namna ya kupokea shuka kwa migongo ya vidole isiunguze. Akamfundisha kutambua kwa kunusa kwamba rola imepata moto kupita kiasi, na kupitisha mkunjo uliokwama bila kuzima mashine. Dokta alikuwa na kichwa chepesi. Alichoambiwa mara moja hakuambiwa tena. Haikuchukua muda walikuwa wakikunja pamoja, mama upande huu na mtoto upande ule, na kila walipokutana katikati Dokta alimnong'oneza kitu cha kipuuzi ili amchekeshe.

"Mama, mwalimu anataka ripoti. Niandike nimejifunza nini?"

"Andika mvuke."

"Kurasa mbili za mvuke?"

"Si ni mwingi?"

Zilikuwa siku nzuri, na lazima zisemwe, kwa sababu zilikuwa nzuri kweli. Mama Dokta alikuwa akitembea kurudi nyumbani bega kwa bega na binti yake, wote wananukia sabuni moja, akijiambia kwamba umaskini umeanza kumwonea haya. Msimamizi alipita kila siku na saa yake mkononi, akisimama nyuma ya wanafunzi, akihesabu kimoyomoyo. Mama Dokta alidhani anahesabu alama.

Vibarua waliitwa kila asubuhi getini. Msimamizi alisimama ndani, wao nje, akawataja mmoja mmoja na mlinzi akafungua. Lilikuwa jambo la kawaida tu, maana waliotajwa walikuwa wale wale. Asubuhi moja hakuwataja. Aliwaita Bibi Mvuke na fundi wa boila tu, akasema kazi ya leo imejaa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku iliyofuata shule ilitangaza kwamba wanafunzi wa Daraja la Kesho watakuwa wakishinda kazini kutwa nzima, na wanawake waliosimama getini wakapisha njia, na watoto wakapita katikati yao na sare zao za shule. Dokta alikuwa miongoni mwao. Alisimama.

"Mama?"

"Ingia ndani, utachelewa."

Mlinzi alifunga. Mama Dokta alishika nondo za geti.

"Kaka! Kaka, nisaidie neno moja tu. Nimekosa nini?"

Msimamizi alikuja taratibu. Hakuwa mtu wa kufoka. Watu wa aina yake hawahitaji.

"Hujakosa, dada. Tangu nikujue hujakosa."

"Basi niite."

"Nikuite nikuweke wapi? Pale kwenye rola nafasi ni ile ile. Nikikuingiza wewe, namtoa yeye. Na nikimtoa, siwezi kumpa alama, unaelewa? Sasa chagua mwenyewe. Mimi sitaki lawama."

Alisubiri kweli. Alisubiri kwa adabu, kama mwenye duka anayemsubiri mteja achague kitambaa. Nyuma yake rola ilianza kuzunguka, na Mama Dokta aliujua mlio wake hata kwa mbali, akajua pia kwamba haijapata moto wa kutosha na aliyeanza kuilisha ana pupa.

"Mwache yeye," alisema.

"Sawa dada. Uamuzi wa busara."

Kibarua chake kikaota nyasi namna hiyo, kwa heshima zote.

Jioni Dokta alitupa sare kwenye kona ya chumba. "Siendi tena."

"Utakwenda."

"Nimekaa kwenye nafasi yako, Mama! Nimesimama pale pale. Hata ile ndoo unayokalia wakati wa kupumzika, wamenipa mimi. Siendi."

"Barua utaipata wapi?"

"Sitaki barua yao."

"Unataka nini? Unataka uje ushike beseni nami tupite mitaani tukiomba nguo za kufua? Basi tangulia, beseni lile pale." Alikaa kitandani. "Dokta, mwanangu. Nimeshatoka. Nikitoka mimi halafu na wewe ukatoka, nimetoka bure. Jikaze kisabuni. Ni miezi michache tu."

Akajikaza. Mama naye akapita nyumba hadi nyumba na beseni, lakini mtaa wao ulikuwa mtaa wa watu wanaojifulia. Wenye nguo nyingi walipeleka kwenye mashine za Mkurugenzi. Siku alizopata kazi walikula, siku alizokosa walikunywa uji mwepesi, na Dokta alisema ameshiba kabla ya kijiko cha tatu ili mama yake amalizie. Mama yake alisema hivyo hivyo. Uji ukapoa katikati yao, kila mmoja akimsukumia mwenzake bakuli.

Ndipo Mama Dokta alipokiona kidole. Kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kimezungushiwa kitambaa.

"Hiki nini?"

"Nimejikwaruza."

"Na nini?"

Dokta alirudisha mkono mapajani. "Wamenihamishia kwenye mifuko ya asubuhi. Tangu ulipotoka. Hakuna aliyeniombea."

Mama Dokta aliweka kijiko chini. "Sindano?"

"Msimamizi aliniambia nifinye damu itoke, nioshe kwa sabuni, nirudi kazini."

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili! Na hukuniambia?"

"Ungenitoa, Mama. Si ungenitoa?" Alisema kwa upole, kama daktari anayempa habari ndugu wa mgonjwa. "Dawa ya kujikinga na virusi ipo, tumeisoma shuleni. Lakini huanza kumezwa mapema, ndani ya siku chache. Muda wake umepita. Sasa ni kungoja, halafu kupima. Na pengine hakuna kitu. Mara nyingi huwa hakuna kitu. Wewe si ulichomwa?"

"Mimi sijapima," alisema mama yake.

Dokta akachukua bakuli na kwenda kuliosha, ingawa uji ulikuwa bado umo.

Siku ya Taaluma shule ilipambwa. Turubai lilitandazwa uwanjani, kipaza sauti kikapiga kelele mpaka watoto wadogo wakaziba masikio. Wazazi walikaa kwenye mabenchi. Mama Dokta alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya kuazima vilivyombana. Alikuja kwa jambo moja. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinafunga milango ya udhamini mwisho wa mwezi ule, na leo ndiyo siku ya barua. Bibi Mvuke alikaa pembeni yake. Robo ya ujuzi ilikuwa imemchelewesha, haikumwokoa. Na yeye alikuwa ametolewa wiki iliyopita.

"Nilikuambia," Bibi Mvuke alinong'ona.

"Ninyamazie leo, Bibi. Leo tu."

Mwalimu wa ushauri alishika kipaza sauti. Alisema Daraja la Kesho limevuka matarajio yote. Alisema shule nyingine zinakuja kuiga. Alisema vijana wameonyesha uwezo mkubwa kiasi kwamba Mkurugenzi, kwa moyo wake mwema, ameamua kuwaongezea awamu ya pili.

"Kwa hiyo barua zitatolewa mwisho wa awamu ya pili, ili ziwe na uzito zaidi!"

Makofi yalianza, yakasita. Fundi viatu alisimama safari hii bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, chuo kinafunga mwezi huu."

"Mzee wangu, chuo hakihami. Mwakani kipo. Na mwakani watoto watakwenda wakiwa na uzoefu wa mwaka mzima. Si bora?"

"Na mwaka huo mzima watafanya kazi hapo?"

"Watajifunza hapo, mzee. Watajifunza." Mwalimu aligeuka haraka. "Na sasa tushuhudie matunda! Namwita mwanafunzi bora wa Daraja la Kesho!"

Dokta alipanda jukwaani. Alikuwa amekonda, au sare ilikuwa imetanuka. Kidole gumba kilikuwa na plasta mpya. Mtu alileta shuka, nyeupe, nzito, yenye pindo la hariri. Shuka ya hoteli. Dokta aliishika kama kitu cha mtu mwingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa shuka ya aina ile, kwa kuwa hata rola ya hoteli ilikuwa chumba kingine.

"Atuonyeshe ukunjaji wa kisasa!" mwalimu alisema.

Dokta alisimama. Alishika pembe mbili, zile mbili nyingine zikagusa vumbi la jukwaa.

"Anangoja nini?" Mkurugenzi aliuliza kwenye kiti chake.

"Inakunjwa na watu wawili," Dokta alisema. Kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja mzima ukasikia.

Wanafunzi wenzake walitazama chini. Mwalimu alitazama tai yake, akatazama shuka, akabaki pale pale. Mama Dokta hakukumbuka alisimama vipi. Alikumbuka tu kwamba viatu vilimbana kwenye ngazi. Aliokota pembe mbili kutoka chini, akazipangusa, akarudi hatua mpaka shuka ikakaza.

Walivuta. Walisogeleana. Mikono ya mtoto ilikabidhi pembe kwenye mikono ya mama, mtoto akainama kudaka mkunjo, akainuka nao, na hapo katikati, nyuma ya kitambaa cheupe, nyuso zao zilikaribiana kama zamani.

"Mama, niseme?" Dokta alinong'ona.

"Nini?"

"Kipaza sauti kiko hapa. Niwaambie kuhusu kidole. Niwaambie kuhusu wewe."

Mama yake aliona kwa pembe ya jicho kiti chenye kitambaa. Aliona mwalimu. Aliona awamu ya pili, na barua mwisho wake, au barua isiyokuwepo mwisho wake. Alifungua mdomo. Hakujua ni neno gani lingetoka, ndiyo au hapana. Angalitoa lolote duniani ili mtu mwingine ajibu swali lile.

Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli.

"Mnaona, wazazi? Mnaona elimu inavyosambaa? Binti kajifunza kwetu, akaenda nyumbani kumfundisha na mama yake! Makofi kwao!"

Uwanja ulipiga makofi. Bibi Mvuke hakupiga. Mpiga picha wa shule alikuja mbio na kamera yake, akapiga goti chini ya jukwaa, akaangalia kioo, akasonya.

"Samahani, haikutoka. Rudieni mwanzo, tafadhali. Na huyo mama atabasamu."

Dokta alimtazama mama yake. Kisha wakaifungua shuka, kila mmoja akarudi nyuma na pembe zake, na watu wakaanza kupiga makofi kabla hata hawajakunja.